Mume Wangu Anajilaumu, na Jenereta Niliiwasha Mimi

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha kushonea, cherehani nimeiacha izunguke bila kitambaa ili watu wa nyumba hii wasikie mlio wasije kuuliza nafanya nini, na ninaomba unijibu upesi maana wakubwa wa kazini kwa mume wangu wanakaa kikao wiki ijayo, na nikikosea hapa nitakuwa nimewaumiza watu wawili, mmoja yuko wodini mkono umefungwa bandeji mpaka kwapani, mwingine yuko kitandani kwangu anatazama dari.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mume wangu ni fundi wa laini za umeme, wale wanaopanda nguzo na mkanda kiunoni. Ule upepo mkubwa ulipoangusha nguzo mtaa hadi mtaa yeye alitoka na kikosi chake na tangu hapo akawa anarudi nyumbani kuoga na kulala tu, na mimi nilikuwa na sare za shule nzima na cherehani zangu zote ni za umeme, ndipo tukakubaliana nikodi jenereta ya dizeli. Yule mwenye kuikodisha aliileta mwenyewe, akaiweka uani mbali na madirisha, bomba la moshi likatazama ukuta wa nje, akapigilia chuma ardhini na kufunga waya wake, akaniuliza msimamizi ni nani nikasema ni mimi, akanifundisha kupima oili na maji, kuiacha ipate moto kidogo kabla sijaipa kazi, na kuizima ipoe kabla ya kumimina dizeli. Yote hayo niliyashika mshauri, na sijisifu. Mume wangu naye alikagua ule waya mrefu unaotoka uani kupitia dirishani mpaka kwenye cherehani, akaridhika, akaenda zake kazini.

Yule wa jenereta alisema tukitaka umeme wa nyumba nzima atamleta fundi wake afunge swichi ya kubadilishia, lakini mama mkwe wangu alicheka akasema nyumba hii ina mafundi umeme wawili, wa tatu aje kufanya nini. Wa pili aliyemkusudia ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye anajifunza kazi na anangoja kuchukuliwa kwenye kikosi cha kaka yake. Sasa mama mkwe ana sukari, dawa yake ya sindano inakaa kwenye friji chumbani kwake kule nyuma, na waya mrefu haufiki huko. Shemeji akakaa kidogo na bisibisi akatengeneza waya wa plagi mbili, yaani huku plagi na huku plagi, upande mmoja unachomeka kwenye jenereta na upande wa pili unachomeka kwenye soketi ya ukuta, na nyumba yote inawaka. Akaniambia, shemeji, sharti ni moja, swichi kuu iwe chini kabla hujachomeka, usije kupeleka umeme barabarani. Mume wangu hakuujua ule waya, kwa sababu akirudi jenereta huwa imezimwa apate kulala, na waya unakuwa umekunjwa chini ya kitanda cha shemeji.

Sharti nililifuata, kila mara. Lakini mshauri, mama mkwe wangu ana tabia ambayo sikuipa uzito. Tangu mwanawe aajiriwe, umeme ukikatika yeye huenda kwenye boksi la ukutani kuhakikisha swichi kuu iko juu, na akiikuta chini anaipandisha. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akaniambia, "Umeme unaporudi ni mwanangu ameurudisha. Usije kukuta mlango wa kwake umefungwa." Nilicheka siku ile. Hata baada ya kuanza kutumia waya wa plagi mbili nilimwambia mama tafadhali usiiguse swichi, akaitikia vizuri, nikadhani yameisha.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, shemeji hayupo, mimi niliona dizeli inakaribia kwisha nikazima jenereta, nikaiacha ipoe kama nilivyofundishwa, nikatumia nafasi hiyo kupiga pasi ya mkaa zile kola zilizokuwa tayari. Mashine ilipopoa nikajaza, nikafuta yaliyomwagika, nikawasha. Waya wa plagi mbili ulikuwa bado umechomekwa, na swichi sikurudi kuitazama kwa sababu niliiacha chini. Jenereta ikabadilika sauti, ikawa inalemewa kama mtu anayepandisha gunia ngazini, taa zikafifia, halafu nikasikia redio ya jirani inaongea. Jirani mwenyewe akaja uzioni na kanga moja anacheka, ananipa hongera, anasema mumeo kafanya kazi, umeme umerudi. Nilikimbia ndani nikakuta swichi kuu iko juu, na mama mkwe ameketi pale pembeni anachambua mchele. Niliishusha, nikatoka kwenda kuzima mashine, na kabla sijafika nilisikia kelele za wanaume kutoka nguzo ya kona, mtaa wa pili tu.

Aliyepigwa na umeme ni rafiki wa mume wangu, tunamwita Ngazi kwa urefu wake, mtu aliyekula kwangu mara nyingi kuliko hata ndugu zangu. Mkanda ulimshika, akabaki ananing'inia juu mpaka wakamshusha. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini vidole vya mkono wa kulia daktari bado hajasema lolote. Mume wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wao siku ile. Ndiye aliyekata laini ya upande wetu, ndiye aliyeipima, ndiye aliyemwambia Ngazi panda, imekufa. Na kweli aliipima mshauri, na kweli ilikuwa imekufa, kwa sababu wakati ule mimi nilikuwa napiga pasi nangoja mashine ipoe.

Amesimamishwa kazi mpaka kikao. Siku za kwanza alikuwa anasema nilipima, nilipima kwa mkono wangu, akimwambia kila anayekuja. Watu wanamwitikia kwa upole, na ule upole ndio unaommaliza, maana hakuna anayemwamini, umeme hautoki hewani. Chakula hakipiti. Jana jioni aliketi ukingoni mwa kitanda, akageuza viganja vyake akavitazama, akaniambia, "Mama watoto, labda sikupima. Labda nilichoka nikadhani nimepima." Na anasema ndivyo atakavyowaambia kikaoni. Nilikuwa nimesimama na shati lake mkononi nikaendelea kulikunja. Mshauri, nilimwona mtu anaacha kujiamini mbele ya macho yangu, na dawa ninayo mimi.

Kilichonifunga ni shemeji. Yeye nilimwambia siku ileile, akalia kama mtoto. Mama mkwe hajui kitu, anamfariji mwanawe kwamba ni ajali ya kazi. Shemeji ananishika miguu, anasema tukisema, mama atajua ni mkono wake, sukari itapanda atufie, na yeye ndoto yake ya kazi imekwisha, pengine polisi watahusika, na kaka atakuwa na kosa la kuweka waya wa namna ile nyumbani kwake. Ananiambia, Ngazi atapona, kaka atapewa onyo tu, tunyamaze. Na mimi nimenyamaza. Upande wetu umeme haujarudi mpaka leo, asubuhi mama mkwe bado anapandisha swichi nami napita nyuma yake naishusha, kama wendawazimu wawili. Na leo nimekuta waya ule umechomekwa tena ukutani, shemeji anasema dawa za mama zilianza kupata joto afanyeje.

Nikisema navunja nyumba. Nikinyamaza namvunja mume. Nifanye nini, na nianze na nani? Nakuomba usilitaje jina langu.

Mshona Sare

*

Mshona Sare,

Kama unasoma haya na ile mashine inanguruma uani, weka gazeti chini kwanza. Nenda ukaizime. Nimesema uizime kwanza, usianze kwa kuchomoa waya, maana ukiuchomoa ukutani jenereta ikiwa inawaka, zile pini za plagi zinabaki wazi mkononi mwako zikiwa na umeme kamili, na tutakuwa na wa pili wodini. Ikishanyamaza, shusha swichi kuu, chomoa upande wa jenereta, chomoa upande wa ukuta, funga boksi lile kwa kufuli na ufunguo uvae shingoni. Halafu rudi tuongee.

Umerudi? Haya. Barua yako imeruka foleni ya watu walioanza kuniandikia zamani, nao watanisamehe. Nilipiga ile namba uliyoiandika pembeni, ukapokea, ukasikia ni mimi, ukakata. Nimeelewa, hukuwa peke yako. Ndiyo maana nakujibu hapa gazetini, na kila atakayeona nyumba yake humu ajue si yeye peke yake.

Pole, mwanangu. Nakupa pole ya kweli kabla sijakugombeza, kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa nimeshika tama. Ulitii karibu kila ulichofundishwa. Ulizima, ulingoja, ulifuta dizeli iliyomwagika. Wangapi wanaimiminia mashine dizeli ikiwa ya moto huku wamewasha sigara. Na utaratibu wako huohuo ndio ulioifanya laini ionekane imekufa kwa muda ule. Hilo ni zito, na sitakuambia ni jepesi.

Sasa nakugombeza. Mlikuwa na friji, mlikuwa na waya mrefu uliokaguliwa na fundi, na friji haifiki kwenye waya. Wenye akili timamu watatu mkaketi, mkaamua kuusogeza umeme. Kwa nini hamkuisogeza friji? Inabebwa na watu wawili, inaingia chumba cha kushonea, mama akitaka sindano yake anaifuata hatua chache. Badala yake mkatengeneza kitu ambacho usalama wake wote uliwekwa kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja na kidole cha mwingine. Na wewe uliambiwa msimamizi, ukaitikia. Msimamizi haachi kutazama swichi kwa sababu aliiacha chini. Aliyeiacha ni wewe, nyumba ina watu.

Shemeji yako naye anisikie, najua atasoma. Kijana, ulijua. Ulimwambia mwenzako asije akapeleka umeme barabarani, maana yake picha uliiona kichwani kabla haijatokea, na bado ukakaza skrubu. Anayejua hatari na kuitegesha kwenye nyumba ya wasioijua hajawa fundi bado. Na kuuchomeka tena ule waya, baada ya Ngazi kuning'inia kwenye mkanda, sijui niuite nini. Ukitaka siku moja kupanda nguzo, kazi yako ya kwanza ya ufundi ni kwenda na shemeji yako mbele ya kaka yako na kusema waya huu niliutengeneza mimi.

Nilitaka kukuambia, Mshona Sare, uchukue mkasi wako mkubwa uukatekate. Usiukate. Usiutupe wala usimwachie shemeji aurudishe chini ya kitanda. Huo waya ndio shahidi pekee wa mume wako. Jirani aliyesikia redio yake ikiongea ni shahidi wa pili, na yeye hata hajui. Mumeo anakwenda kwenye kikao kutoa uongo dhidi ya nafsi yake akidhani ni ukweli, na wewe umekaa juu ya ushahidi unamshonea shati la kuvaa siku hiyo.

Unasema ukisema unavunja nyumba. Nyumba gani? Ile ambayo mwenyewe anatazama dari, mdogo wake analia, mama anapandisha swichi na mkewe anaishusha? Mficha maradhi kilio humuumbua. Ili umeme wa upande wenu urudi, kikosi kingine kitakuja kupanda nguzo ileile, na kama waya ule bado uko ukutani haitakuwa ajali tena, mtakuwa mmeua mtu kwa kujua.

Nilimtafuta mtu aliyezeeka juu ya nguzo, nikamsimulia bila kusema ni nani. Akaniambia kupima peke yake hakutoshi, laini ikishapimwa hufungwa waya wa kuupeleka ardhini umeme wowote utakaoingia, kabla mtu hajaigusa, kwa sababu ya nyumba kama yenu hasa. Kama kikosi cha mumeo kilifanya hivyo au kiliruka kwa sababu ya uchovu, mimi sijui, na wewe hujui. Huenda naye ana lake la kujibu. Ajibu hilo. Ajibu alilolifanya, asijibu la kwako. Na sitakudanganya kwamba hakutakuwa na adhabu. Inawezekana shemeji akachelewa sana kupata kazi, inawezekana mkaitwa mkaandikishe maelezo. Nendeni pamoja kabla hamjaitwa, na mtafuteni mtu wa sheria wa kukaa nanyi. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na anayekokotwa.

Kuhusu mama. Mnamficha kwa mapenzi, lakini mtu asiyejua kosa lake hulirudia kila asubuhi, na barua yako inathibitisha. Mwambieni, mwanawe akiwepo, amekwisha kula na kupata sindano yake, na muuguzi au jirani mwenye busara awe karibu. Msimwambie kwa maneno ya lawama. Mwambieni kwamba waya ule haukupaswa kuwepo, na kwamba kabla ya waya ule swichi yake ilikuwa haimdhuru mtu. Hiyo ni kweli tupu. Atalia. Mama aliyezaa mtu wa kupanda nguzo si yai.

Kisha mwite yule mwenye jenereta amlete fundi wake mliyemkataa. Swichi ya kubadilishia ikitazama huku nyumba inakula umeme wa nguzo, ikitazama kule inakula wa jenereta, pande mbili kwa pamoja haiwezi hata ukiisukuma kwa nguvu. Ikishafungwa, hakuna kidole cha mtu kitakachopeleka umeme barabarani, na mama anaweza kuacha mlango wa mwanawe wazi kutwa nzima bila kumdhuru mtu. Mpaka siku hiyo, ni waya mrefu tu na friji karibu na cherehani. Na hata mvua ikinyesha au jirani akilalamikia kelele, jenereta isiingie ndani wala kibarazani, moshi wake unaua watu wamelala na hakuna anayesikia chochote. Mlinzi wake awe mmoja, wewe, na kabla ya kuwasha, kila mara, macho yako yaone swichi. Kukumbuka tu hakutoshi.

Kwa Ngazi utakwenda, lakini baada ya mumeo, na pamoja naye. Usipeleke matunda ukarudi. Kaa, useme, umwache akasirike kadiri anavyotaka, vidole ni vyake.

Umeniuliza uanze na nani. Anza na aliye kitandani kwako, leo, kabla hujafikiria sana, maana fikra zimekuponza vya kutosha. Zima hiyo cherehani inayozunguka bure. Chukua ule waya, ingia chumbani, funga mlango, keti pale ukingoni alipokuwa ameketi yeye. Najua utataka kuanza na friji, na mama, na shemeji, na upepo, kama ulivyoanza kwangu. Usianze hivyo. Mtu huyu hahitaji hadithi, anahitaji mikono yake irudi. Mwekee waya mapajani, na neno lako la kwanza liwe hili:

"Ulipima."